Walinipigia Isukuti Kabla ya Wakati

Ngoma nilizisikia kabla ya kuziona. Ilikuwa Jumamosi mchana, niko uani kwetu Shirere nikimwosha Mitchel kwenye beseni, povu limemjaa masikioni. Mtoto akasimama wima ndani ya maji akasema, "Mama, kuna sherehe!" Nikamwambia ni harusi ya watu inapita barabarani, akae nimsugue miguu. Lakini sauti haikupita. Ilikata kona kwenye duka la mkaa, ikaingia kichochoroni mwetu, na lango la ploti yetu ya vyumba vya kupanga likafunguka, ua ukajaa watu wa Shinyalu, kwao mume wangu.

Mbele alikuwa mama mkwe wangu, Mama Milcah, katika gauni lake la kanisani, jogoo mwekundu kwapani. Nyuma yake alikuja Mzee Shivachi, baba mdogo wa mume wangu, naye kwapani amebana ile ngoma kubwa ya isukuti, akiipiga huku macho ameyafumba. Vijana wawili walimfuata na ngoma ndogo, wa tatu anapuliza pembe, halafu wamama wa kwaya, mabega yakicheza peke yake kana kwamba si yao.

"Mukabarasi wangu!" Mama Milcah akapaza sauti. "Dakitari! Dakitari wa kwanza kwa boma yetu!"

Mimi ni mtu wa Matete, upande wa Kabras, kwa hivyo tangu siku niliyoolewa Mama huniita Mukabarasi. Jina langu Jescah hulitoa akiwa amekasirika tu. Nilisimama na sabuni mikononi, mtoto uchi ameshaanza kucheza ndani ya beseni, majirani wanatoka milangoni mmoja mmoja.

"Mama," nikasema, "daktari gani?"

Mume wangu Shikanga akatokea mlangoni. Alipowaona, aliweka mikono yote miwili kichwani.

"Nilimwambia tu umeitwa," akaninong'oneza. "Jescah, naapa, nilisema umeitwa. Basi."

Na kweli nilikuwa nimeitwa. Ngoja nieleze.

Mara ya kwanza nilipofanya mtihani wa kidato cha nne nilipata D+. Hiyo gredi hakuna mtu huitundika ukutani. Nikaja Kakamega mjini, nikajifunza kusuka, nikaolewa, nikampata Mitchel. Alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo hata nikaogopa kumshika. Hapo wodini watu waliingia na kutoka, kila mmoja anaangalia kifaa na kuondoka, mpaka jioni moja daktari kijana akavuta kiti, akakaa, akanieleza kila mpira uliomwingia mwanangu unafanya kazi gani. Hakutumia neno hata moja la kunitisha. Nilipoondoka pale nilikuwa na mtoto mzima, na wazo ambalo sikuthubutu kumwambia mtu.

Nikaanza masomo ya jioni. Shule yetu ni ukumbi wa kanisa kule Shieywe, na mwalimu wetu wa sayansi ni Mwalimu Kipyegon, mwanamume mrefu anayefundisha kemia kwa vifuniko vya chupa za soda, hiki kaboni, hiki oksijeni. Nilikuwa nafunga saluni, namfunga Mitchel mgongoni, naingia darasani nikinuka mafuta ya nywele. Mtoto alilala kwenye benchi juu ya leso. Alijua kusema "haidrojeni" kabla hajajua kusema "asante." Nikarudia mtihani kama mtahiniwa wa nje nikapata C+. Kwa wengine hiyo ni aibu. Mimi nililia kwa furaha mpaka Shikanga akafikiri nimefiwa.

Mwaka huo huo kikafunguliwa Chuo cha Tiba Isiukhu, upande wa Lurambi. Walitenga nafasi chache za wenyeji, karo ikibebwa na wafadhili, na C+ ndiyo ilikuwa gredi ya chini kabisa waliyoikubali. Nikaomba. Nikafanya mtihani wao wa kuingilia, na kemia ikanikaba koo kweli kweli. Halafu Alhamisi ile ujumbe ukaingia kwenye simu: alama zangu ziko mpakani kabisa kwa chini, lakini nimeitwa kwa mahojiano, Jumanne ya wiki inayofuata.

Hivyo tu. Nimeitwa. Shikanga akampigia mamake kwa furaha, na mamake akafanya hesabu yake. Sasa ua ulikuwa umejaa.

"Wacha wacheze kwanza," Shikanga akaniambia tukiwa mlangoni. "Wacha wale. Tutawaambia kesho."

"Kesho wakishafika Shinyalu wakiimba njia nzima?"

"Basi wakati wa soda."

Nikamtazama. Yeye ni fundi wa stima, hupanda nguzo bila kutetemeka, lakini mamake akifurahi hawezi kumzima. Nikamfunga Mitchel taulo, nikamkabidhi baba yake. Nikamwendea Mama katikati ya wacheza ngoma, nikamshika mkono, nikamwomba tuingie ndani kidogo. Alikuja akicheza.

Nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia. Nyuma ya pazia nilimkalisha kitandani, mimi nikachuchumaa sakafuni mbele yake ili nimwone usoni. Jogoo alikuwa bado kwapani.

"Mama," nikasema, "bado sijachukuliwa. Nimeitwa kuulizwa maswali. Baada ya maswali wanaweza kunichukua, au wanikatae. Na alama zangu ziko chini."

Alinitazama kama mtu anayengoja sehemu ya pili ya mzaha.

"Lakini wamekuita kwao."

"Wameniita."

"Mukabarasi, sisi tulipoitwa kwenu Matete kuongea mambo yako, babako alikuwa bado anafikiria? Si yalikuwa yamekwisha zamani? Tulikaa pale tukabishana juu ya ng'ombe kwa sababu ya heshima tu, na wewe uko jikoni na leso yako unacheka. Watu hawakuitangi kwao kama hawajakukubali. Hiyo ni kuaibisha mtu."

"Hawa si kama baba yangu, Mama. Hawa huita watu wengi, halafu wanachukua wachache."

"Wengi?" Akashtuka kabisa. "Kwa posa moja?"

"Kwa posa moja."

"Hiyo ni tabia gani!"

Nilitaka kucheka, lakini macho yake yalikuwa yameanza kujaa. Nje, ngoma inaunguruma, na Mitchel anapiga vigelegele asivyovijua. Sikumwambia asijali, kwa sababu angejali. Sikumwambia nitashinda, kwa sababu sikujua. Nilimshika mikono nikanyamaza naye.

Mwishowe akapangusa uso kwa mgongo wa mkono. "Nimewatoa watu nyumbani kwao," akasema. "Nimeaibisha boma. Na wewe nimekuaibisha."

"Hukukosea kunifurahia, Mama. Hakuna mtu amewahi kuniletea ngoma." Halafu nikamwuliza, "Hao walio nje, unataka niwaambie mimi, au utawaambia wewe?"

Akafikiri. "Waambie wewe. Mimi nitasimama kando yako. Nishikie huyu jogoo kwanza nifunge kitambaa vizuri."

Tukatoka. Nikainua mkono, ngoma zikazimika moja baada ya nyingine, ile ndogo ya mwisho ikachelewa. Nikawaambia vile vile nilivyomwambia Mama, kwa maneno machache. Wamama wa kwaya wakaangalia viatu vyao.

Wa kwanza kuongea alikuwa Shiro, jirani yetu muuza mitumba, ambaye ulimi wake haupumziki hata akilala.

"Kuitwa intavyu!" akasema kutoka mlangoni kwake. "Si hata mimi niliitwa intavyu ya kazi ya Qatar. Na niko wapi? Niko hapa na nyinyi nikigombania kamba ya kuanikia nguo."

Vijana wa ploti wakacheka. Mama Milcah akashika mkono wangu kwa nguvu. Hapo Mzee Shivachi akafumbua macho, akasafisha koo lake polepole.

"Wewe binti wa mitumba," akasema, "umewahi kufika Khayega siku ya ng'ombe kupigana?"

"Nimesikia tu, mzee."

"Basi nikuulize. Fahali tunampigianga isukuti saa ngapi?"

Shiro akainua mabega.

"Alfajiri! Akitoka bomani, anaenda uwanjani! Tunamzunguka, tunamwimbia jina lake, jina la mamake, tunakimbia naye njia nzima. Nani hapa ameona watu wakingoja fahali ashinde ndipo waguse ngoma? Akienda bila ngoma atafikiri anapelekwa kuchinjwa." Akageukia watu wake. "Kwa hivyo hatujakosea kitu. Tumekuja mapema tu. Huyu tunampeleka."

Kelele zilizolipuka hapo, hata wa ploti ya pili walichungulia juu ya ukuta.

"Sasa mimi ni ng'ombe?" nikauliza.

"Wewe ni fahali," akasema Mzee Shivachi, "na fahali hajibizani na mpiga ngoma. Intavyu ni siku gani?"

"Jumanne, baba."

"Tutakuja."

Nikamwangalia Shikanga aniokoe. Shikanga alikuwa anacheza.

Jogoo hakuchinjwa siku hiyo. Mama alimfunga kamba mguuni, akamfunga kwenye mguu wa meza yetu. "Huyu ataliwa siku umechukuliwa," akasema. "Ukikataliwa, nitamrudisha nyumbani kwake, na hakuna mtu atauliza." Kwa hivyo siku zile tuliishi na jogoo. Aliwika kila alfajiri, nikaamka nikasoma kemia, Shiro akigonga ukuta na kutusi ukoo mzima wa kuku. Mitchel akampa jina: Haidrojeni.

Jumatatu jioni Mwalimu Kipyegon alinibakiza baada ya somo.

"Watakuuliza gredi," akasema. "Hilo ndilo la kwanza. Usiitafutie sababu."

"Lakini sababu zipo, mwalimu."

"Kila mtu anazo. Wao watakuwa wamezisikia tangu asubuhi. Wewe sema ilikuwa nini, halafu sema ulifanya nini."

Jumanne walikuja, kama walivyoahidi. Nilivaa koti la kuazima, la bluu, limebana mabega kidogo. Tulitoka Shirere kwa miguu, mimi katikati, ngoma pande zote, Mama Milcah mbele akifagia njia kwa tawi la majani. Sijawahi kuona haya namna ile maishani. Watu wa bodaboda walizima injini. Mama mmoja wa mboga akauliza, "Ni harusi ya nani hii?" Mama akamjibu bila kusimama, "Si harusi, tunapeleka mtu kwa intavyu!" Yule mama akaacha sukuma wiki zake, akatufuata mpaka kwenye daraja akipiga makofi. Mzee Shivachi aliimba jina langu, akaimba jina la marehemu mama yangu, alilolijua sijui kutoka wapi, na niliposikia jina la mama yangu katikati ya ngoma za watu wa Shinyalu, haya ikaniishia. Miguu ikawa myepesi. Nikaanza kuelewa kwa nini fahali hukubali kwenda.

Langoni mlinzi akainua mkono. "Hapa ni chuo. Ngoma haziingii."

"Nani ameomba kuingia?" Mzee Shivachi akamwuliza. "Uwanjani anaingianga peke yake." Wakanyamaza palepale, wakakaa kwenye nyasi nje ya ukuta kama watu waliokuja mapema kwa mkutano.

Kwenye chumba cha kungojea kulikuwa na vijana wenye tai na wasichana wa viatu vya kung'aa. Mmoja akaniinamia.

"Ni wewe umekuja na bendi?"

"Ni mimi."

"Ulipata A ngapi?"

"Hata moja."

Akasogeza kiti chake kidogo, kwa adabu.

Nilipoitwa, nilikuta watu watatu mezani. Kiongozi wao alikuwa Daktari Priscah, mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi.

"Zile ngoma ni zako?" akauliza.

"Ni za wakwe zangu, daktari."

"Karibu ukae. Nitakuuliza wazi. Kidato cha nne, mara ya kwanza D+. Mara ya pili C+. Mtihani wetu, kati ya wote tuliowaita, uko chini kabisa. Kwa nini tukuchukue?"

Nilikuwa nimejua niko chini. Chini kabisa, hilo sikujua. Nikasikia koti linanibana.

"D+ ni yangu," nikasema. "Nilifanya mtihani ule bila kuelewa nilichokuwa nasoma, nikapata nilichostahili. Halafu nikaanza upya. Mchana nasuka, jioni nasoma, mtoto amelala kwenye benchi. C+ nayo ni yangu. Kutoka ile kufika hii hakuna mtu alinisukuma, na bado sijachoka."

"Hapa mitihani ni migumu kuliko yote uliyofanya," akasema. "Ukianguka ule wa kwanza?"

"Huenda nikaanguka. Lakini mimi nimeanguka mbele ya kijiji, nikarudi kwenye chumba cha mtihani na watoto wa juzi wakinicheka. Njia ya kurudi naijua. Sijui kama wale wenye A wameipita."

Mzee mmoja pembeni akatabasamu, halafu akaniuliza jambo la asidi. Nilijua nusu. Nikasema nusu niliyoijua, nikamwambia nusu nyingine siijui, na ningeanza kuitafuta wapi. Akaandika kitu haraka sana. Sikupenda alivyoandika.

Halafu Daktari Priscah akavaa miwani.

"Kwenye chumba cha pili kuna mama," akasema. "Anaigiza, lakini wewe mchukulie ni wa kweli. Mtoto wake amelazwa. Jana aliambiwa leo wanarudi nyumbani. Amekuja na jamaa zake, nguo mpya, keki. Sasa kipimo cha asubuhi kinaonyesha ugonjwa umerudi, na mtoto hatoki. Nenda umwambie. Sisi tutakuwa tumekaa nyuma."

Nilibaki nimekaa. Nilifikiri wananitania. Nilifikiri labda Mzee Shivachi ameongea na watu.

"Kuna tatizo?" akauliza.

"Hakuna, daktari."

Mle chumbani walikuwa wanne, wanacheka, boksi la keki mezani. Mama mwenyewe alikuwa amesimama na kigauni cha mtoto mkononi. "Daktari!" akasema. "Tumekuja kumchukua! Gari liko nje!"

Nikasahau waliokaa nyuma yangu. Nikamsalimu kila mmoja. Kisha nikamwambia yule mama, "Naomba tukae kando, mimi na wewe kidogo." Kulikuwa na viti viwili pembeni, nikavigeuza ili awape mgongo wale wengine. Nikamkalisha, nikavuta changu karibu, nikainama niwe chini ya macho yake.

"Mama, mtoto hataenda nyumbani leo. Kipimo cha asubuhi kimeonyesha ugonjwa umerudi. Anahitaji kubaki tumtibu."

"Lakini jana walisema!"

"Walisema. Na jana ilikuwa kweli. Leo imebadilika."

"Sasa hii keki? Nimewaambia watu wote!" Akaanza kulia, na kama ni kuigiza, aliigiza vizuri mno. "Nimejiaibisha."

"Hukukosea kufurahi," nikamwambia. "Mtoto wako alistahili kufurahiwa."

Akalia. Nikamshika mikono nikanyamaza. Nilisikia kalamu nyuma yangu ikisimama. Nikahesabu pumzi zake mpaka zikatulia. Halafu nikamwuliza kama ana swali. Akauliza kama mtoto atakufa. Nikasema sitamwahidi nisichokijua, lakini nitamweleza kila tunachofanya, na sitamwacha afikirie hayo peke yake. Mwisho nikamwuliza, "Hao jamaa zako, unataka niwaambie mimi, au utawaambia wewe, nikisimama kando yako?"

Yule mama akatazama juu ya bega langu, akawatazama wakubwa wake. Nafikiri swali hilo halikuwa kwenye mambo aliyoambiwa ajitayarishie.

"Waambie wewe," akasema. "Mimi nitasimama."

Tuliporudi mezani, Daktari Priscah akaniuliza:

"Hiyo umefundishwa wapi?"

"Nyumbani kwangu, daktari. Jumamosi. Na wale wale walio nje na ngoma."

Akataka kujua. Nikawaeleza yote, posa ya Matete, jogoo, Qatar, mpaka fahali wa Khayega. Yule mzee wa asidi alicheka hadi akatoa kitambaa. Daktari Priscah hakucheka sana. Alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Kemia yako ni mbaya, unajua?"

"Najua, daktari."

"Vizuri. Nenda nyumbani ungoje simu."

Langoni Mama Milcah alinijia mbio. "Wamekuchukua?"

"Wamesema ningoje."

Akatazama jengo lile kwa hasira ya kweli. "Hata babako hakutufanyia hivi."

Tulingoja. Haidrojeni akanenepa. Mitchel alimlisha wali wake mwenyewe chini ya meza, na kila aliponiona nimekaa kimya aliniuliza, "Mama, ng'ombe ameshinda?" Nikamwambia bado wanapigana.

Simu ililia Ijumaa moja niko saluni, kiti kimekaliwa na Shiro. Alikuwa ametaka rasta nyembamba za kwendea harusi, nami nilikuwa nimemaliza upande mmoja wa kichwa. Vidole vyangu vilikuwa ndani ya nywele zake, kwa hivyo Shiro mwenyewe ndiye aliyebonyeza simu na kuniwekea sikioni.

"Jescah?" Nikaijua sauti ya Daktari Priscah. "Tumekubaliana kukuchukua. Mwaka wa kwanza utakuwa wa matayarisho ya sayansi, na hutapumzika hata siku moja, nakuonya. Ukiupita, unaingia udaktari kamili. Unakubali?"

Shiro, aliyekuwa amesikia kila neno, akajibu kwa niaba yangu.

"Anakubali! Daktari, anakubali! Mimi ni jirani yake!"

Nilikaa chini, sakafuni, katikati ya nywele. Kisha nikampigia Mama Milcah. Nilikuwa nimejipangia maneno mazuri, lakini aliposema "haro" yakapotea yote.

"Mama, wamepiga simu."

Nikasikia kuku wa Shinyalu nyuma yake.

"Sikiliza vizuri kabla ya kunijibu," akasema polepole. "Umeitwa, ama umechukuliwa?"

"Nimechukuliwa, Mama."

"Hawaulizi tena kitu?"

"Hawaulizi."

"Hakuna wengine wengi wameitwa pia?"

"Mama, nimechukuliwa. Mimi."

Nikasikia simu ikianguka chini, na sauti yake ikienda mbali, ikiita, "Shivachi! Shivachi wee! Ameshinda!"

Walifika kabla jua halijazama, na safari hii walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza. Shikanga alikuja mbio kutoka kazini na kamba yake ya kupandia nguzo bado kiunoni. Mwalimu Kipyegon alifunga darasa la jioni, akaleta wanafunzi wake wote wenye mikoba, kina mama na walinzi na mafundi, wakasimama barabarani mbele ya saluni yangu wakiniangalia kama dirisha lililofunguliwa. Mama Milcah alinikumbatia, akaninong'oneza sikioni jina la mama yangu. Halafu akauliza jogoo yuko wapi.

Mitchel, ambaye siku hizo alienda na jogoo hata saluni, akatokea kutoka nyuma ya kiti, amemkumbatia Haidrojeni kwa mikono miwili, mguu mmoja wa kuku unaning'inia.

"Huyu ni wangu," akasema.

Mama akamwangalia mjukuu wake, akamwangalia jogoo, akaniangalia mimi. "Haya," akasema, "tutakula maharagwe. Huyu naye amepita."

Ngoma ikashika. Na wa kwanza kuingia uwanjani hakuwa mtu wa Shinyalu. Alikuwa Shiro, upande mmoja wa kichwa rasta nyembamba zimelala vizuri, upande mwingine nywele zimesimama kama zimeshtuka, mabega yakienda kushoto na kulia, akipiga kelele juu ya isukuti.

"Dakitari! Dakitari wetu! Na hiki kichwa changu utamaliza lini?"

"Kesho!" nikamjibu, nikaingia kati kucheza naye.